Wote Waliambiwa Ijumaa

Dawa ya deni ni kulipa, walisema wahenga, wakaenda zao wakalala. Kwa fundi cherehani huyu, kulipa ndiko kulikokuwa ugonjwa wenyewe.

Mtaa mzima haukuwa na mlipaji hodari kama yeye. Alimlipa muuza vitambaa kwa mkopo wa simu. Mkopo wa simu akaulipa kwa fedha za kikundi cha akina mama. Kikundi akakilipa kwa mkopo wa kampuni, kampuni iliyoandikisha cherehani yake ya darizi kuwa dhamana. Na rejesho la kwanza la kampuni akalitoa wapi? Kwenye simu tena. Kila aliyemdai alimsifu kwamba ana neno moja, na deni likazidi kunenepa kama paka wa nyumba saba, anayelia kila mlango kwamba hajala tangu jana.

Walimwita Fundi Ijumaa, na si kwa sababu alizaliwa siku hiyo. Ukimpelekea kitambaa Jumatatu, alikuambia Ijumaa. Ukimpelekea Alhamisi jioni, Ijumaa. Na ukienda hiyo Ijumaa ukamkuta anapiga pasi kola ya mtu mwingine, alikutazama kwa huruma, kana kwamba wewe ndiye uliyekosea kalenda, akasema taratibu, "Ijumaa, mpenzi." Wateja waliguna, wakacheka, wakarudi. Wangefanyaje? Nguo iliyotoka kwake ilikaa mwilini kama mliozaliwa pamoja.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Kulikuwa na meza ya kukatia iliyochubuka pembe, pasi, kioo kirefu chenye ufa unaompunguzia kila mtu tumbo, na cherehani ya kawaida iliyokwisha rangi pale mkono unapoegemea. Na karibu na dirisha, imefunikwa shuka safi kama mgonjwa mheshimiwa, ilikaa cherehani ya darizi. Hiyo ndiyo ilikuwa roho ya duka. Zahanati ya jirani ilikuwa imempa kazi ya sare za wauguzi wake wote, kila kifua na nembo yake, malipo mwisho wa mwezi sare zikishakabidhiwa. Bila mashine ile hakuna nembo. Bila nembo hakuna sare. Bila sare, fundi angebaki na tepu yake shingoni, ajipime mwenyewe amekonda kiasi gani.

Wiki hiyo afisa mikopo wa kampuni alipiga simu. Alikuwa kijana wa viatu vya kung'aa. Siku alipokuja kuikagua mashine kabla ya kutoa mkopo, aliipenda kazi ya fundi akaacha kitambaa chake cha koti papo hapo. Sasa sauti yake haikuwa ya koti.

"Dada, marejesho mawili yamepita. Ama nikute fedha ama niikute mashine imefungashwa. Nije lini?"

"Ijumaa," ulisema mdomo wa fundi bila kumshauri mwenyewe.

Siku ile ile alipita muuza vitambaa. Walimwita Mzee Jora, kwa vile hakutembea bila jora la kitambaa kwapani. "Mwanangu, fedha yangu lini?"

"Ijumaa, mzee wangu."

Mchana akaja mweka hazina wa kikundi, mwanamke mnene, mchangamfu, ambaye watu walimwita Mama Hazina hata nyumbani kwake. "Shoga, kikao kinanibana. Lini?"

"Ijumaa, shoga yangu."

Alipoketi tena kwenye kiti chake, ndipo masikio yake yalipoyasikia yale ambayo mdomo wake umeyasema.

*

Wifi yake aliingia kesho yake adhuhuri, mkoba begani, kicheko kikimtangulia kama tarishi. Alikuwa mke wa kaka yake mkubwa, na kazi yake ilikuwa kuwapigia simu wadaiwa wa kampuni moja ya mikopo. Mumewe alilionea haya jambo hilo. Akiulizwa, alijibu kwamba mke wake yuko kwenye mawasiliano. Fundi naye alimpenda wifi huyo, walitaniana tangu siku ya posa, lakini habari za madeni alimficha. Nani humweleza simba kwamba mguu unamuuma?

"Wifi, gauni langu."

"Ijumaa."

"Ya mwaka huu?"

"Wewe gauni la nini? Kaka yangu anakupeleka wapi?"

"Ananipeleka jikoni, lakini nataka niende nimependeza."

Simu ya fundi ikaanza kulia. Fundi aliitazama, akaichukua kwa vidole viwili, akaisukuma chini ya rundo la vitambaa. Ikaendelea kulia humo chini kama panya kwenye mtego. Wifi aliacha kucheka.

"Unazika simu?"

"Ni mteja msumbufu."

"Wifi, wanaozika simu nawajua. Ndio wanaonilisha. Nani anakudai?"

"Hakuna."

"Wifi."

"Kampuni."

"Na nani?"

"Mzee Jora, kidogo."

"Na nani?"

"Kikundi. Na simu. Lakini simu si deni bwana, ni simu."

Hapo wifi alicheka hadi akalazimika kukalia ndoo. Fundi alinuna, kisha kitu kilichokuwa kimembana kifuani kwa miezi kikaachia kidogo, naye akajikuta anacheka, machozi yakimtoka, asijue ni ya upande gani.

Alipojifuta alivuta kopo la vifungo kutoka chini ya meza. Ndani, chini ya vifungo, mlikuwa na noti alizokuwa akizibana polepole. "Usidhani nimelala. Kuna bwana mmoja ana ofisi pale juu ya duka la rangi. Anafuta madeni yote. Nikimaliza kukusanya ada yake, nimepona."

"Ada kwanza?"

"Kwanza."

"Ameshazungumza na hata mmoja kati ya wanaokudai?"

"Atazungumza nikishalipa."

"Na amekuambia katika muda huo usimlipe mtu mwingine yeyote, wala usipokee simu."

Fundi alimkodolea macho. "Umejuaje?"

"Kwa sababu wateja wake huishia mezani kwangu, riba zao zimeota ndevu. Wapo wanaofanya kazi hiyo kwa haki, wifi, siwachafui. Lakini anayetaka ada kabla hajafanya lolote anakuongezea mdai. Hebu funga kopo."

Wifi alivuta kiti hadi kwenye meza ya kukatia, akasukuma mikasi pembeni. "Sasa nikuambie kutoka upande wa pili wa simu. Sisi tunachoogopa si mtu asiye na fedha. Tunaogopa kimya. Mtu akikaa kimya, tunamhesabu ametoroka. Akizungumza, kuna mengi ya kufanya. Unaweza kuomba ratiba mpya, ulipe kidogo kidogo kwa muda mrefu."

"Kama kushusha pindo."

"Mimi pindo silijui, najua riba. Ukirefusha muda, riba nayo inarefuka. Usiulize ya mwezi peke yake, uliza na jumla. Au unaunganisha. Unachukua mkopo mmoja wenye riba nafuu, unawalipa wote, unabaki na mdai mmoja."

"Si ndicho nilichokuwa nafanya?"

"Wewe? Wewe ulichukua mkopo ghali kulipa wa bei rahisi, tena nusu nusu. Hivyo ni viraka juu ya viraka."

Fundi alijiinua kitini. Katika maisha yake aliitwa mengi, lakini hakuna aliyewahi kumwambia anashona viraka. Neno lilimchoma kuliko simu zote zilizozikwa chini ya vitambaa.

"Endelea," alisema.

"Kuna maafikiano. Unamwendea mdai na fungu la mkupuo, unamwambia, nina hili, lipokee, linalobaki nisamehe. Akiona hana matumaini ya kupata zaidi, anakubali, hasa pale ambapo deni limejaa adhabu kuliko fedha uliyokopa. Lakini barua kwanza! Akuandikie kwamba mkishapeana hilo, deni limekwisha. Bila barua usitoe hata shilingi. Na ujue kumbukumbu itabaki. Ukienda kukopa kesho, wataona hukulipa lote."

"Kesho sikopi."

"Ndivyo mnavyosema wote. Na mwisho kabisa kuna mahakama. Unatangazwa umefilisika. Kuna waliookolewa na mlango huo, siwacheki. Lakini wewe una mikono na kazi ya zahanati. Na mashine yenyewe imeandikwa dhamana, mahakama haikulindii hiyo."

Wote wawili walitazama dirishani, kwenye lile umbo chini ya shuka.

"Sasa," wifi alisema, "tuwaendee mmoja mmoja. Mzee Jora anakuja lini?"

"Ijumaa."

"Kikundi?"

"Ijumaa."

"Kampuni?" Fundi aliokota uzi sakafuni, wifi akamkazia macho. "Wifi. Usiniambie."

"Ni mdomo, wifi! Mdomo umezoea."

Safari hii ndoo ilipinduka na wifi akafika chini. Alicheka akiwa hapo hapo sakafuni, katikati ya vipande vya kitambaa vya kila rangi, kisha akainua kidole. "Waache waje. Tena kaazime viti."

"Nini? Kila mmoja anadhani ananidai peke yake!"

"Ndiyo maana kila mmoja anakukaba peke yake."

Fundi alimfikiria kaka yake. Walilelewa kwa maneno kwamba deni ni nguo ya ndani, haianikwi barazani. Halafu akaifikiria ile shuka imekunjwa, na nafasi tupu pale dirishani. Akaenda kuazima viti.

*

Wa kwanza kufika Ijumaa alikuwa Mzee Jora. Wa pili Mama Hazina. Walitazamana.

"Nimekuja kuchukua gauni," alidanganya Mama Hazina.

"Nami nimepita kusalimia," alidanganya Mzee Jora, akakaa kama mtu atakayesalimia mpaka jioni.

Wakaingia wateja wa kweli, kwa sababu ilikuwa Ijumaa nao waliambiwa Ijumaa: mwalimu wa suruali ya kijivu, mama mwenye mtoto wa sare ya shule, bwana harusi mtarajiwa. Viti vikaisha. Wifi alikuwa amechukua ruhusa kazini, amesimama kwenye kona. Kisha pikapu ikaegeshwa nje, wakashuka wapagazi wawili, na nyuma yao afisa mikopo, viatu vikimulika.

Fundi alisimama mbele ya meza. Alishika tepu yake kwa mikono miwili.

"Jamani, ninyi watatu mnanidai. Nimewaita nyote..."

"Hukutuita," Mzee Jora alisema. "Umetuambia Ijumaa."

Mwalimu wa suruali ya kijivu akapaliwa na kicheko. Fundi akaona heri aendelee kabla miguu haijamkimbia, akaeleza yote, ya nani yalikwenda kwa nani.

"Kumbe fedha ulizonilipa," Mzee Jora alimwambia fundi, kisha akamgeukia Mama Hazina, "zilikuwa zimetoka kwenye simu, na simu ikalipwa na mama huyu?"

"Na sisi kikundi tukalipwa na huyu kijana?" Mama Hazina alimgeukia afisa.

"Na kampuni tumelipwa na nani?" Afisa aliuliza, kisha akajutia swali.

"Na simu," fundi alisema.

"Na simu imelipwa na nani?" Bwana harusi hakuweza kujizuia.

"Hiyo ndiyo bado."

Chumba kikapasuka. Walicheka hadi mtoto wa sare ya shule naye akacheka, bila kujua ni nini. Kilikuwa kicheko cha ajabu, hakikuwa na mwiba, na fundi alikiona kikiingia dukani kama upepo kwenye chumba kilichofungwa siku nyingi.

"Inachekesha," afisa alisema akijifuta macho, "lakini mashine naichukua. Vijana, bebeni."

Kicheko kilikatika. Wapagazi waliitoa shuka. Mmoja alikuwa ameinama kushika miguu ya mashine, jora la kitambaa lilipotua mbele ya pua yake.

"Weka chini," Mzee Jora alisema. "Ukiipeleka hiyo, mimi nitalipwa na nini? Na pini?"

"Mzee, dhamana ni yetu."

"Na mimi je?" Mama Hazina alivuta kiti, akakibana kwenye mashine, akakaa na kuikumbatia. "Akina mama wote wale wanasubiri huyu afanye kazi. Haya, mbebeni mashine na mimi."

Wapagazi walimtazama Mama Hazina kwa makini, juu na chini. "Bosi," mmoja alisema, "hii haikuwemo kwenye bei."

Afisa alikunja uso. Hapo wifi akatoka kwenye kona, akaivaa ile sauti yake ya kazini, laini kama siagi. "Ndugu, mkataba ni wenu, hakuna anayebisha. Nikuulize tu. Mnadani mashine kuukuu kama hii mtapata ngapi?"

Afisa alitaja. Chumba chote kiliguna.

"Hiyo haifiki nusu ya deni. Toa gari, toa vijana hawa, toa ghala. Akibaki nayo, mwisho wa mwezi zahanati inamlipa. Mpigie mkuu wako."

Afisa alipiga. Alinong'ona, akasikiliza, akageuka. "Anataka kuzungumza na mwenyewe."

Fundi aliipokea simu kama mtu anayepokea mtoto wa watu. Sauti ya upande wa pili ilikuwa kavu, haina salamu. "Mama, swali moja tu. Utalipa lini?"

Chumba kizima kilikiona kinywa chake kikijikunja kutengeneza lile neno. Mwalimu alifumba macho. Wifi aliuma kidole.

Fundi alifunga mdomo. Akaufungua tena.

"Mwisho wa mwezi nitaleta rejesho la kwanza, nikishapokea fedha za sare," alisema. "Baada ya hapo kila mwezi." Akataja kiasi. Kilikuwa kidogo, na alijua ni kidogo.

"Hicho hakitoshi."

"Najua. Nikikuahidi zaidi nitakuwa nakudanganya, na kudanganya nimechoka, kunachosha kuliko kushona. Simamisha adhabu, refusha muda, niambie jumla yake yote, na uniandikie. Hicho nitakilipa hata niugue."

Nje, dereva wa pikapu alikuwa anapiga mluzi.

"Mpe kijana simu," sauti ilisema hatimaye.

Afisa alisikiliza, akaitikia mara kadhaa, akakata. "Adhabu zinasimama. Ratiba mpya inaletwa kwa maandishi, na jumla yake." Alijaribu kubaki na uso wa kazi. "Mama, unaweza kuinuka."

Mama Hazina hakuinuka. "Nimepazoea," alisema, na vigelegele vikaanzia hapo hapo alipokaa, vikapokewa na mama wa mtoto, vikatoka nje mpaka barabarani.

Mengine yalifuata kama uzi unaovutika. Mzee Jora alisema nusu ya deni lake angeichukua kwa ushonaji, kwa kuwa wauzaji wake walihitaji makoti ya kazi, "lakini usinitajie siku ya wiki, nitajie tarehe." Mama Hazina aliahidi kwenda kukiomba kikao kifute faini, ibaki fedha yenyewe, ilipwe kidogo kila wakikutana. Na deni la simu, ambalo nusu yake ilikuwa adhabu tupu, wifi alikwisha kulisimamia tangu jana. Kampuni ya mkopo huo wa simu ilikuwa hasimu wa kampuni yake, na alifurahi kuisumbua. Majibu yalifika asubuhi: wangepokea fungu moja kwa mkupuo na kusamehe lililobaki, barua hii hapa. Fundi aliisoma mara mbili. Kisha akamwaga kopo la vifungo mezani, na ada ya yule bwana wa juu ya duka la rangi ikapata kazi ya maana.

"Na koti langu?" Afisa aliuliza, sasa akiwa mteja.

Fundi alilitoa kwenye kamba, akamvika mbele ya kioo. Lilimkaa mabegani kama baraka. Tatizo lilikuwa mkono mmoja, haukuwepo.

"Dada, mkono wa pili lini?"

"Ijumaa!" Chumba kizima kilijibu kwa sauti moja, hata wapagazi.

"Kaa chini," fundi alisema. "Leo."

Alikuwa ameinamia mkono huo, cherehani ikiimba, kaka yake mkubwa alipotokea mlangoni, anahema, shati limemtoka kwenye suruali. Aliwatazama waliojaa, viti vya kuazima, Mama Hazina na mashine yake, na mkewe anayekula karanga juu ya meza ya kukatia.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema. "Nimesimama dukani kwa muuza magazeti nikasimuliwa! Mdogo wangu anatangaza madeni kama mnada. Watu wanajua mpaka kiasi! Baba yetu alikufa na siri zake, wewe unazigawa na viti juu?" Akamgeukia mkewe. "Na wewe ndiye uliyemfundisha?"

"Mimi?" Wifi alipasua karanga. "Mimi niko kwenye mawasiliano."

Watu walijitahidi kutocheka, wakashindwa. Kaka alipandisha sauti. "Umeiaibisha familia. Waombe radhi hawa kwa usumbufu, na mimi uniombe radhi. Hapa hapa."

Cherehani ilinyamaza. Fundi alikata uzi kwa meno, akalikung'uta koti, mikono yote miwili ikacheza hewani. Mwanga wa dirishani ulikuwa umeiangukia cherehani ya darizi, ikang'aa kila skrubu, ipo pale pale ilipokuwa.

"Kaka, nakuheshimu," alisema. "Nilipokuwa namkopa huyu nimlipe yule na ninyi wote mnanisifu, hapo ndipo nilipokuwa nawakosea, na hakuna aliyenidai radhi. Leo nimesema kweli mchana, mlango wazi, na mashine imebaki. Siombi radhi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Hata Ijumaa?" Mzee Jora aliuliza kutoka kitini.

Fundi alimrushia afisa koti lake.

"Hata Ijumaa. Siombi."